Ini la Badoni

Palikuwa na nchi, na ingalipo, maana upumbavu haufi kwa kusimuliwa, iitwayo Badoni. Kwenye ramani hutaiona, lakini watu huifikia kila mwaka kwa mafungu, na wote hufika kwa njia moja: husoma tangazo. Tangazo lenyewe halijapata kubadilika. Husema kwamba nafasi adhimu za utafiti wa seli na molekuli ziko wazi kwa vijana waliokwisha kupata shahada ya uzamivu, wenye ari, wenye kujituma, wasiochoka kusimama. Hayo maneno ya mwisho watu huyapita mbio wakidhani ni mapambo.

Siwatu Kombo naye aliyapita mbio. Alikuwa ametunukiwa uzamivu wake mwezi ule ule, na huko kwao Pemba shangazi yake, Bi Msanifu, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akapika mikate ya kumimina ya kulisha mtaa mzima. Siwatu hakutaka utukufu. Mdogo wake Faki alizaliwa na selimundu, ugonjwa ambamo chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu zikakwama mishipani, na tangu utotoni Siwatu ndiye aliyekuwa akimshika mkono maumivu yakimjia. Dawa zilizowafaa wenzake yeye hazikumfaa, na hakuna daktari aliyeweza kusema kwa nini. Siwatu aliapa kuwa atajua yeye. Na tangazo lilisema hadubini kubwa kuliko zote duniani iko Badoni.

"Nenda, dada," Faki alimwambia. "Lakini usikawie. Mie si mti."

Safari haina la kusimulia. Langoni mwa Badoni alikuwapo ofisa mnene aliyeegemea kiti, akamwuliza, "Umekuwa?"

"Nimekuwa nini?"

"Mtu."

Siwatu akamweleza kwamba yeye ni daktari wa elimu ya seli, na chuo kilichomtunuku akakitaja. Ofisa alimsikiliza kwa huruma, vile mtu anavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto. "Hiyo ni salamu tu, binti," alisema. "Jibu lake ni 'bado'. Liseme upite, kuna wenzio nyuma." Siwatu akasema bado, akapita.

Sheria kuu ya nchi ile, kama alivyokuja kujifunza, ni kwamba mtu hahesabiwi mtu mzima mpaka apewe Kiti. Viti vya Badoni ni vya mpingo na ni vichache, na seremala akikutwa anachonga kipya hufukuzwa nchini kwa kosa la kushusha hadhi ya elimu. Basi Kiti hupatikana mwenyewe akifa tu, nao Wenye Viti hawafi. Au wakifa, hupita muda mrefu kabla mtu hajaona tofauti. Asiye na Kiti huitwa Mbado. Mbado ni marufuku kuketi, kazini na mezani pia, na katika maandishi ya serikali huitwa "kijana mwenye matumaini", hata awe na wajukuu.

Aliyepewa kazi ya kumtembeza alikuwa mmoja wa vijana hao, jina lake Tindwa. Kijana Tindwa alikuwa na mvi hadi kwenye nyusi. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama, ameifunga vitambaa kuanzia vifundoni hadi magotini. Siwatu, kama alivyolelewa, akafungua kinywa kumwamkia shikamoo, lakini mzee yule akaweka kidole mdomoni upesi.

"Usiniamkie, mwanangu," alinong'ona. "Shikamoo hupewa mtu mzima. Ukinipa mimi wataniuliza nimekuwa lini, nami nitatiwa matatani."

Akampeleka kwenye Nyumba ya Profesa Mandari, iliyo kubwa kupita nyumba zote za elimu za Badoni. Humo mlikuwa na Ini.

Na sasa inanibidi nieleze habari ya hilo Ini, ingawa naona haya kwa niaba ya wanadamu. Wabadoni husema kwamba zamani, enzi za babu yake Mandari, zilichukuliwa seli kutoka katika ini la mfalme wao wa mwisho, zikatiwa kisahanini, zikalishwa, nazo hazikufa. Ziligawanyika, zikahamishiwa visahani vingine, zikagawanyika tena, hata kila nyumba ya elimu ikawa na tawi lake. Ini liliishi ndani ya kabati la joto. Asubuhi na jioni lilinyweshwa maji mekundu matamu. Kila siku, kabla kazi haijaanza, Wabado wote walijipanga mbele ya kabati, wakainama, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo Ini." Profesa Mandari akiwepo aliitikia "Marahaba" kwa niaba yake. Asipokuwepo, na mara nyingi hakuwepo kwa kuwa alialikwa huku na huku kulizungumzia Ini, waliitikiwa na sauti yake iliyorekodiwa.

Siwatu aliinama pamoja nao. Ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho, alijisemea. Huenda wana sababu zao. Siku Profesa aliporejea alimwendea akamweleza habari za Faki, akaomba aitumie ile hadubini kubwa kuchunguza damu.

Profesa Mandari alikuwa mtu wa sura nzuri na sauti ya taratibu, na ukimwangalia ungedhani anafikiri. "Damu," alisema. "Ni wazo zuri sana. Lakini jiulize, damu hupita wapi? Hupita kwenye ini. Anza na ini, mengine yatakuja yenyewe."

"Lini, Profesa?"

"Bado," alisema Profesa kwa upole, akaondoka kwenda kwenye mwaliko.

Basi Siwatu akaanza na ini. Alilinywesha, akalipima, akalihamisha kisahani hadi kisahani, amesimama. Alichokiona alikiandika, na alichokiandika kikatoka kwa jina la Mandari, maana Badoni ugunduzi huzaliwa na Mbado ukapewa ubini wa mwenye Kiti. Alihudhuria pia mabaraza ya elimu. Baraza moja zima lilijadili kama Ini lapasa kunyweshwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Wenye Viti waligawanyika pande mbili, wakatukanana kwa lugha ya kitaalamu, mpaka Mandari alipowapatanisha kwa kuamua linyweshwe kwa mikono miwili, ya Wabado wawili tofauti. Wakampigia makofi ya nguvu. Siwatu alitazama mikono yake ikipiga makofi pia, akajichukia kidogo.

Faki alikuwa akimpigia simu. Siwatu alikwisha kumsimulia ile salamu ya langoni, naye akaifanya utani wao. "Dada, umekuwa?" humwuliza. "Bado," hujibu Siwatu, wakacheka. Lakini mwaka ulipopinduka na mwingine kuingia, kicheko cha upande wa pili kilianza kuwa kifupi. Siku moja alipiga kutoka wodini. Maumivu yalikuwa yamemshika mgongoni na kifuani, na maneno alikuwa akiyatoa moja moja.

"Umekuwa?" aliuliza.

Siwatu alikwenda moja kwa moja kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani, akaambiwa Mbado haondoki mpaka Ini limzoee atakayelilisha badala yake. Akaomba basi hadubini, kwa asubuhi moja tu, awaombe watu wa hospitali wamletee damu ya Faki. Akaambiwa damu haiwezi kulitangulia ini. Alirudi mezani pake akalinywesha Ini maji yake mekundu, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwuliza ana nini kwa kuwa Wabado wengi hulia wakati wa kulisha.

Msimu ule wa baridi umeme ulikatika Badoni nzima. Likatoka agizo kwamba mablanketi yote ya Wabado yakusanywe yafunikwe juu ya makabati, Ini lisije likapata mafua. Tindwa alikuwa na homa. Alilitoa blanketi lake bila kuambiwa mara ya pili, akalikunja vizuri, akasimama kando anatetemeka. Siwatu alimvika kanga yake moja, na hasira iliyomshika siku ile haikumtoka tena.

Umeme uliporudi, kabati lilikuwa limepata moto kupita kiasi kwa wingi wa mablanketi. Siwatu ndiye aliyelifungua. Harufu iliyomjia usoni ilimrudisha nyuma hatua moja, si kwa ubaya wake bali kwa sababu aliijua. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa Bi Msanifu asubuhi ya Idi, bakuli la unga wa mchele limefunikwa kitambaa linangoja kumiminwa. Alilichukua Ini akaliweka chini ya hadubini ndogo ya mezani. Vile vidude vya mviringo alikuwa akivitazama tangu siku ya kwanza: kidude kinatoa kitoto ubavuni, kitoto kinakua kinakatika, kinatoa chake. Siku ya kwanza aliambiwa kwamba huo ndio uzuri wa Ini, naye akaandika kwamba huo ndio uzuri wa Ini. Seli ya ini haichipui hivyo, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Alipima nyongo, hakuna. Akapima kama linahifadhi sukari kama maini yahifadhivyo, akakuta sukari linaila yote na kutoa povu.

Ilikuwa hamira. Nchi nzima, na Viti vyake na mabaraza yake, ilikuwa ikiiamkia shikamoo hamira.

Siwatu hakuita mtu. Aliloweka mchele, akausaga, akatia tui, sukari na iliki, kisha akachota kijiko kimoja cha Ini la mfalme akakikoroga humo. Alipolirudia bakuli baadaye, unga ulikuwa umeumuka umepita ukingo, unamwagikia mezani.

Tindwa alikuja akasimama kando yake. Aliutazama unga ule, asionyeshe mshangao wowote.

"Umejua," alisema.

"Na wewe wajua?"

"Mimi nilijua ndevu zangu zikiwa bado nyeusi. Kila mwenye pua anajua, mwanangu. Sijui ni lini lile ini la mfalme lilikufa na hamira ikaingia mahali pake; labda mtu alikula mkate karibu na kisahani. Lakini Viti vyote unavyoviona vimesimama juu ya kisahani hicho. Ukikivuta, ataanguka nani? Hawataanguka wao, tutaanguka sisi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kabisa, "Nami ndiye nifuataye kwenye zamu ya Kiti. Waliniambia."

"Walikuambia lini?"

Tindwa akajishughulisha na vitambaa vya miguu yake.

Siwatu alimhurumia, lakini aliona wazi kilicho mbele yake. Kama Ini si ini, basi ile sheria ya kwamba kila kitu kitapita kwanza kwenye Ini haina mguu wa kusimamia, hadubini kubwa itakuwa huru, na damu ya Faki itaangaliwa Faki angali hai. Alimimina mikate yake, akaigeuza ikaiva rangi ya dhahabu, akaibeba kwenye sinia mpaka Barazani.

Wenye Viti hawakuuliza mikate imetoka wapi. Walizoea kuletewa vitu. Walikula. Profesa Mandari alichukua kipande cha pili, akasema mkate mwororo namna ile hajawahi kuuonja tangu aondoke kwa mama yake. Mwingine akauliza ni hamira gani iliyotumika.

"Ini," alisema Siwatu.

Akawaeleza yote, hatua kwa hatua, bila kupandisha sauti, na mwisho akawaomba hadubini. Wengine walikuwa bado wana mkate mdomoni, hawajui wateme au wameze, na baada ya kutazamana walimeza.

Mjadala uliofuata nauleta kama ulivyokuwa. Mmoja alisema mkate ule si ushahidi, kwa kuwa umeliwa. Wa pili alisema Siwatu ana kinyongo cha mtu ambaye bado hajakuwa. Wa tatu, aliyekuwa na sifa ya ujasiri, alikiri kwamba yawezekana kuna jambo, akapendekeza nafasi zitangazwe kwa vijana wenye ari waje walichunguze jambo hilo kwa kizazi kimoja au viwili. Ndipo Profesa Mandari aliposimama, akafuta makombo midomoni, na kusema kwa ile sauti yake ya taratibu.

"Ndugu zangu, tumekuwa tukiita kitu hiki ini tangu enzi za babu zetu. Vitabu vyote vinasema ni ini. Leo kijana wetu mpendwa ametuonyesha kwamba ini huumua unga. Huu si msiba hata kidogo, ni ugunduzi mkubwa. Swali la kisayansi lililobaki ni hili: kwa nini maini ya wanadamu yameshindwa kuumua?"

Hapo Baraza liliinuka kwa makofi. Likapitishwa azimio kwamba tangu siku ile ini ni kiungo kiumuacho unga, na kwamba mtu yeyote ambaye ini lake halifanyi hivyo atahesabiwa mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwandishi wa tangazo aliondoka mbio kwenda kuliandaa.

Kisha Mandari akamgeukia Siwatu. Kulikuwa na Kiti, alisema. Mwenyewe alikuwa ameonekana hatikisiki tangu baraza lililopita, na leo walipomsogezea mkate wakahakikisha. Kiti hicho kitakuwa chake Siwatu, naye atakuwa mtu mzima mbele ya sheria, iwapo atasimama mbele ya watu athibitishe kwamba kilichoumua unga wake ni ini.

Nasema kweli, Siwatu alikitazama kile Kiti. Miguu ilikuwa ikimuuma, na miaka ile ilikuwa imemfundisha kukitamani, kwa sababu mtu husimamishwa mpaka akaona kuketi ndiyo pepo.

"Nikikaa hapo," aliuliza, "nitaruhusiwa kuangalia damu?"

"Damu yoyote uitakayo," alijibu Mandari kwa ukarimu, "ilimradi iumuke kwanza."

Siwatu alilichukua sinia lake. "Basi mpeni Tindwa," alisema. "Ndiye mliyemwahidi."

Wakampa. Kwao yalikuwa mamoja, walichotaka ni mtu wa kuapa. Kijana Tindwa aliletwa katikati ya Baraza, akaapa kwamba ini huumua unga, na mpingo ukasogezwa nyuma yake. Akajaribu kuketi. Magoti hayakukunjika. Alijaribu tena, wakamshika mabega wakamsukumiza kwa heshima, lakini miguu ile ilikuwa imekwisha kukauka katika kusimama na haikumtii. Basi wakamwacha wima kando ya Kiti chake, mkono mmoja juu ya kiegemeo, wakampita mmoja mmoja wakimpongeza kwa kuwa mtu. Siwatu alipita mwisho. Alimwamkia shikamoo, wazi, mbele ya wote.

"Marahaba, mwanangu," alisema Tindwa, na machozi yakamlowesha ndevu.

Siwatu hakungoja Ini limzoee mtu mwingine. Alitoka kwa lile lango aliloingilia, na ofisa mnene hakumzuia, kwa kuwa alikuwa na foleni ndefu ya wageni mbele yake, kila mmoja na tangazo mkononi.

Nyumbani alimkuta Faki ametoka hospitali, amekonda, ameegemea ukuta wa jikoni akimtazama Bi Msanifu anakuna nazi. Siwatu alikuwa amepitia shule ya sekondari aliyosomea, akaazima hadubini kuukuu yenye ufa kwenye kioo kimoja. Aliiweka juu ya meza ya jikoni, karibu na dirisha penye mwanga, akamwambia mdogo wake ukweli wote: kwamba hakuleta dawa, hakuleta jibu, na kwamba miaka yote ile alikuwa akilisha hamira.

Faki alimsikiliza mpaka mwisho. "Umekuwa?" alimwuliza.

"Bado," alisema Siwatu. Safari hii hakuna aliyecheka. "Nipe kidole, nataka tone la damu."

Faki aliunyoosha mkono. "Miaka yote hii wasomea damu yangu, dada," alisema, "na leo ndo mara ya kwanza wewe kuniomba."

Siwatu aliinamia hadubini ile kuukuu, amesimama kama alivyozoea, mgongo umepinda, mpaka Bi Msanifu alipoinuka kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi akamsogezea kwa mguu.

"Kaa kitako, mwanangu," alisema. "Nani kakwambia usimame?"

Magoti yalimlia, lakini yalikunjika. Akaketi juu ya mbuzi, akakishika kidole cha mdogo wake, akaanza kazi.